Sura ya 4: Theluji Haijazi Mtungi

Habari kwamba kuna theluji karibu na mstari wa ikweta ilitoka huku kwetu, bara ya Mombasa, ndipo ikavuka bahari. Ukipanda kutoka Changamwe kupitia Miritini hadi Mazeras, kisha ukakata kulia, unafika Rabai, kijiji alikoishi Johannes Rebmann, mmishonari wa Kijerumani aliyekuwa chini ya Church Missionary Society ya Uingereza. Mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alimtangulia. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosine, upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Rebmann alipowasili mwaka 1846 wakahamia Rabai wote wawili.

Tarehe 27 Aprili 1848, masika yakiwa yamekwisha kuingia, Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchagani. Msafara ulikuwa mdogo, wapagazi wachache tu, na kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia ile kwa sababu ya biashara. Walivuka nyika ya Taru, wakapita Taita, na asubuhi ya tarehe 11 Mei mlima Kilimanjaro ukawatokea. Rebmann aliona weupe kileleni akadhani ni wingu. Alipouliza, Bwana Kheri alimjibu kwamba ile ni baridi, basi. Mjerumani yule, aliyekulia kwenye nchi ya theluji, akafahamu anatazama nini.

Ripoti yake ilipochapishwa London mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia aitwaye Desborough Cooley aliipinga kwa maneno makali. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini alikuwa na ramani na vitabu, na katika vitabu vyake theluji haikuweza kukaa chini ya jua la ikweta. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka kumi. Ulianza kufa mwaka 1861, Baron Carl Claus von der Decken alipofika mlimani na kuuona weupe ule kwa macho yake, na ukazikwa mwaka 1862 aliporudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda hadi kama mita 4,200 na theluji ikawaangukia.

Mimi huvutiwa zaidi na sehemu ya habari hii isiyosimuliwa sana. Rebmann mwenyewe aliandika yale aliyoambiwa na Wachaga. Walimweleza kwamba kitu kile cheupe, kikiteremshwa kutoka juu ndani ya chombo, hufika chini kikiwa maji matupu. Wakamweleza pia kwamba Rungua, mangi (mtawala) wa Machame wa zamani, aliwahi kutuma watu wapande wakatazame kama ile ni fedha. Aliyerudi akiwa hai alikuwa mmoja tu, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo wakati mabwana wa London wanabishana, wakazi wa mlimani walikuwa wameshalifanyia jambo hilo uchunguzi, kwa gharama ya roho za watu, na jibu walikuwa nalo.

Jibu lao ndilo lililozaa imani ninayoisikia mara kwa mara kwenye foleni za maji za Magongo na Chaani. Kwamba theluji ya Kilimanjaro ni maji, hilo halina ubishi. Basi watu huendelea: theluji ikiyeyuka hushuka mitoni, mito huleta maji Pwani, na kwa kuwa theluji inaisha, ndiyo maana mfereji umekauka. Ni maelezo mepesi na yanaingia akilini. Walimu huyafundisha, wanasiasa huyarudia majukwaani. Shida yake ni kwamba kiungo cha katikati hakipo.

Tuanze na barafu yenyewe. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, kina mita 5,895. Wapima ramani wa Kijerumani walioupanda mwaka 1912 walikuta barafu ya kilomita za mraba zipatazo 12. Kufika mwaka 2000 ilikuwa imebaki kama kilomita 2.5, na mwaka 2011 vipimo vilionyesha chini ya kilomita 1.8. Katika miaka mia moja hivi, zaidi ya asilimia 80 ilitoweka. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alitoboa barafu ile na kutoa vipande virefu mithili ya nguzo, akakadiria kwamba tabaka za chini kabisa zina umri wa miaka 11,700. Alitabiri kwamba huenda barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Tarehe hizo zimepita na mabaki bado yapo, lakini yanaendelea kupungua, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro na ile ya Mlima Kenya hazitavuka mwaka 2050.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki kamwe. Juu ya Kibo wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, hewa ni kavu na jua ni kali. Katika hali hiyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia kwenye maji, na upepo ukaubeba. Ukitazama picha za karibu za kuta za barafu zilizosalia utaliona hilo: zimesimama wima, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tano, zimechongwa na jua hadi zina makali, na chini yake ardhi ni vumbi na kokoto kavu. Hakuna kijito kinachotiririka kutoka miguuni pake. Penye ukuta mkubwa kiasi hicho, mtu angetarajia angalau tope.

Wataalamu Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, waliofanya kazi miaka mingi na vifaa vya kupimia hali ya hewa kileleni, walionyesha kwamba barafu ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipozidi ukavu. Theluji mpya ikipungua, barafu ya zamani hukosa kifuniko cheupe cha kurudisha mwanga. Hubaki chafu, yenye rangi ya kijivu, na jua huila. Kuna waliolichukua hilo kama ushahidi kwamba joto la dunia halihusiki. Naona wamekosea. Mvua na theluji za mlima ule hutegemea joto la Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapashwa joto na dunia nzima. Lakini kwa hoja ya sura hii, lililo muhimu ni kwamba kileleni huanguka kiasi kidogo sana cha maji kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huishia hewani.

Sasa shuka. Kwenye mita kama 2,200, upande wa kusini wa mlima, ndani ya msitu, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na mahali pengine hukaribia milimita 2,700. Jumla ya mvua ya Mombasa kwa mwaka ni kama milimita 1,000 tu. Mshipi huu wa msitu ndio kiwanda cha maji. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yote yanayotoka Kilimanjaro huanzia hapo, wala si kwenye barafu.

Na maji hayo hutoka wapi? Hutoka kwetu. Kusi inapovuma kati ya Aprili na Septemba, na kaskazi inapochukua zamu yake, hewa inayopita juu ya Likoni na Shelly Beach imebeba mvuke wa bahari. Huvuka nyika ikitoa kidogo tu, kwa kuwa nyika ni tambarare na ina joto. Ikigonga mlima hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa mvuke hugeuka wingu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hushusha mvua, na msimu ukiwa mzuri theluji nayo hutanda kileleni kwa siku kadhaa. Bahari ya upande wetu ilipopata joto kupita kawaida mwishoni mwa 2019, mafuriko yaliua watu na kukata barabara katika Kenya na Tanzania. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ikafeli, na ng'ombe wakafa kuanzia Kajiado hadi Tana River.

Msituni, mvua si njia pekee. Ukungu ukipita kati ya miti huacha matone kwenye majani na kwenye kuvumwani zinazoning'inia matawini, na matone hayo hudondoka chini usiku kucha hata siku ambayo haikunyesha. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa muda mrefu, aliandika kwamba mioto iliyoteketeza misitu ya juu ya Kilimanjaro tangu miaka ya 1970 imepunguza maji ya ukungu kuliko upungufu wowote ulioletwa na kupotea kwa barafu. Oktoba 2020 moto mwingine uliwaka kwa siku nyingi mlimani. Dunia iliona picha za moshi, kisha ikarudi kuhesabu barafu.

Maji yaliyonyonywa na udongo wa msitu hupenya kwenye miamba ya volkeno na kusafiri chini kwa chini. Huibukia mbali. Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkeno kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, halina mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Maji yake huja na kuondoka chini ya ardhi. Chemchemi za Taveta hunywesha migomba na mashamba ya mpunga ya watu ambao hawana habari na kipimo cha barafu. Upande wa Tanzania maji hukusanyika na kuwa mto Pangani, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kuingia baharini.

Upande wa Kenya, maji ya miteremko ya mashariki ya mlima huunda mto Tsavo. Na hapa ndipo habari inapoanza kuelekea Changamwe, ingawa inaletwa na mlima mwingine ambao hauna hata chembe ya theluji.

Abiria wa treni ya SGR inayotoka Miritini kwenda Nairobi, akikaa dirisha la kushoto, huona safu ya vilima vya kijani baada ya kupita Mtito Andei. Hivyo ni Chyulu. Kilele chake hakifiki mita 2,200. Siku ya uwazi mtu anaweza kumwona Kibo mbali, nyuma ya vilima, na kila abiria hutoa simu kumpiga picha Kibo. Chyulu hapigwi picha. Ni vilima vichanga kwa hesabu za kijiolojia, mlipuko wa mwisho ukiwa wa karne ya 19, na karibu vyote ni majivu na lava yenye matundu. Juu yake kuna msitu wa ukungu. Tembea huko juu kutwa nzima hutakuta mto, kijito wala dimbwi la kudumu. Vilima vile ni kifumbu: mvua na ukungu vikimiminwa juu hupenya vyote, hakuna kinachobaki.

Maji hayo husafiri chini ya lava makumi ya kilomita, na hutokeza Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Aliyewahi kusimama Mzima hasahau rangi ile. Pande zote ni ardhi iliyoungua, miiba na mawe meusi, kisha ghafla unakuta mabwawa ya maji safi kiasi cha kuona samaki wakila mavi ya viboko, mitende ikiwa imeinama juu yake. Zamani kulijengwa chumba cha chuma chenye madirisha chini ya maji, mgeni ashuke akatazame. Chemchemi hizo hukadiriwa kutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, ziwe ni siku za mvua au za ukame, kwa sababu maji yanayotoka leo ni ya mvua za miaka iliyopita. Hiyo ndiyo neema ya mlima wenye matundu. Huchuja, na pia huweka akiba.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililaza bomba kutoka Mzima hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200, likifuata njia ya Voi, Maungu, Mackinnon Road na Mariakani. Maji hushuka kwa nguvu ya mteremko, hayahitaji pampu. Huingia kwenye matangi ya Mazeras, kisha hushuka Changamwe. Bomba hilo hubeba kama lita milioni 35 kwa siku, na bado ni tegemeo kubwa la maji ya mji ambao tangu lilipojengwa umeongezeka watu mara nyingi. Bomba la pili, Mzima 2, limezungumzwa kwa miongo. Wakati huohuo Kwale linajengwa bwawa la Mwache kwa ajili ya mahitaji ya Mombasa.

Kisauni hunywa maji mengine. Maji ya Mzima ambayo hayakuingia bombani hujiunga na mto Tsavo, Tsavo hukutana na Athi na kuwa Galana, na Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Pale Baricho, katika Kaunti ya Kilifi, kuna visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto, na maji yake huvutwa na pampu hadi matangi ya Nguu Tatu, juu ya Kisauni. Kwa hiyo katika mtungi mmoja wa Mtopanga kuna mvua ya Kilimanjaro, ukungu wa Chyulu, na maji ya Athi yaliyopita Nairobi na taka zake zote. Kwa sababu ya Athi, Sabaki huwa mwekundu kwa udongo wakati wa mvua, kiasi kwamba bahari ya Malindi hubadilika rangi. Mchanga wa Baricho huchuja kwanza, kisha dawa huongezwa. Na ukame ukiwa mkali, Tsavo na chemchemi zake ndizo huufanya mto usikauke.

Likoni hawana deni kwa Kilimanjaro hata kidogo. Maji yao hutoka chemchemi za Marere, kwenye msitu wa Shimba Hills, na kwenye visima vya Tiwi. Vilima vya Shimba havifiki hata mita 500, ila kanuni ni ileile: msitu juu, maji chini.

Lakini mabomba yote hayo kwa pamoja huleta chini ya nusu ya mahitaji ya Mombasa. Mwenye kukaa Mshomoroni, Bombolulu, Mtongwe au Mikindani anajua maana yake. Mfereji hutoa maji siku moja katika wiki, pengine usiku wa manane, na kina mama huamka kukinga. Siku nyingine ni mkokoteni wa mitungi ya lita 20, na bei hupanda kadiri kiu inavyopanda. Asiyeweza hurudi kwenye kisima cha maji ya chumvi. Mwamba wa pwani yetu ni matumbawe ya kale, na ndani yake maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, tabaka jembamba tu. Vuta taratibu, utapata maji ya kuogea na kufulia. Kila jirani akiweka pampu, chumvi hupanda. Fungua birika la nyumba inayochemsha maji ya kisima: chini kumeganda utando mweupe, mgumu, hautoki kwa steelwool. Na kwa vile kisima na choo cha shimo hutenganishwa na hatua chache tu, kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni kwetu.

Ndiyo maana simulizi ya theluji inaniudhi. Inamwambia mtu wa Chaani kwamba mfereji wake umekaushwa na jambo lililo juu mbinguni, lisilo na mwenyewe. Bomba la Mzima lina ukubwa uleule uliopimwa kwa mji mdogo wa miaka ya 1950, na hilo halikufanywa na jua. Ukataji wa miti na uchomaji wa makaa Chyulu una watu wanaoufanya, wenye njaa wengi wao, na una wanunuzi wanaoishi mijini, Mombasa ikiwemo. Gunia la makaa linaloshuka kwenye lori pale Mazeras huenda likawa ni mti uliokuwa ukikinga ukungu kwa ajili ya mfereji wa Mazeras penyewe.

Kuna dai jingine ambalo sisi watu wa Mombasa hatupendi kulisikia. Taita Taveta, kaunti yenye Mzima, ina vijiji ambavyo bomba letu hupita karibu navyo na wakazi wake hawana maji. Viongozi wake wamekuwa wakidai kwa miaka mingi wapewe sehemu ya mapato ya maji hayo. Wana haki. Mtu akilinda kisima ambacho wewe unakunywa, humlipi kwa shukrani.

Theluji ya Kibo itakwisha, na ni msiba. Kumbukumbu ya miaka 11,700 ya hewa ya Afrika imo mle, na watoto wetu wataiona pichani tu. Tuililie. Ila tusiililie badala ya kufanya yaliyo mikononi mwetu. Wewe msomaji wa Changamwe, mwakilishi wako wa wadi anapokuja kuomba kura, muulize mambo matatu: sehemu gani ya bili yako ya maji inarudi kulinda msitu wa Chyulu, kijiji gani kando ya bomba la Mzima kimepewa mfereji, na Mzima 2 imefikia wapi. Akikujibu kwa habari za theluji, mrudishe kwenye swali.